Nguzo ya Saba

Siku ile kwenye kiwanja cha wodi ya wazazi, Itetemia, tulikuwa watano. Nilikuwapo mimi. Alikuwapo mdogo wangu wa kiume, anayenifuata kuzaliwa, aliyetoka chuoni Dar es Salaam na sanduku la plastiki lenye kipimo cha zege. Alikuwapo fundi mkuu, mzee wa Isevya ambaye namwita Baba ingawa hakunizaa. Alikuwapo mama mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliyekuja na kiti chake kutoka nyumbani kwa sababu anajua kiwanjani hakuna pa kukalia ila matofali. Na alikuwapo mlinzi, Mzaramo aliyeletwa stesheni ya Tura na kazi ya reli miaka ya nyuma, akaoa huku, akastaafu, akasahau kurudi pwani. Nyuki siwahesabu, ingawa nao walifika.

Nguzo zilikuwa kumi na mbili. Zilikuwa zimesimama msimu mzima wa mvua, nondo zimechomoza vichwani, zikisubiri kubebeshwa ghorofa. Mama mwenyekiti alikuwa amesema mbele ya mkutano kwamba hatalaza mzazi chini ya zege ambalo hajui ndani likoje. Mdogo wangu naye alihitaji nguzo za kupima ili amalize utafiti wake wa shahada. Mimi ndiye niliyewakutanisha, kabla sijafikiri vizuri.

Niseme mapema: nilitamani kipimo kishindwe. Nguzo ya saba, ile ya katikati upande wa barabara, nilijua ndani ina nini, maana niliijaza mimi.

Ilikuwa mwezi wa kumi, jua la Tabora likiwa pale linapokuwa kabla mvua haijakubali kunyesha. Fundi aliondoka kwenda swala ya adhuhuri. Zege lilikuwa limeshachanganywa na limelala chini, na aliniambia, "Mwanangu, usimwage mpaka nirudi." Alichelewa, sijui kwa nini. Zege likaanza kushika. Ukilichoma kwa chepe lilikuwa linavunjika kama ugali wa jana. Nilijua kinachotakiwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: zege lililoanza kushika linatupwa. Lakini mbeba maji hakuja siku ile, nilikuwa nimeyabeba mwenyewe kutoka kisimani tangu alfajiri, mgongo umekufa ganzi, na kulitupa maana yake ilikuwa kuanza safari zile upya. Nikachukua ndoo mbili za maji nikalimwagia. Likalainika, likang'aa. Mimi na vibarua tukalipandisha kwa karai tukalijaza kwenye boksi la mbao, nikalichoma kwa nondo mara chache tu ili lishuke, nikaona basi.

Fundi aliporudi alitazama sakafu ya kuchanganyia, akanitazama mimi.

"Umeongeza maji?"

"Hapana, Baba."

Akachukua chepe lake akaenda kwenye nguzo ya nane.

Ili mtu aelewe uongo ule ulikuwa na uzito gani kwangu, ni lazima ajue yule mzee ni nani. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, sisi tukiwa wanne, mimi kidato cha kwanza. Nilikunja sare nikaiweka chini ya godoro nikidhani nitairudia. Ndugu wa baba walikuja, wakakaa siku za msiba, wakaondoka. Nilikwenda kwenye ujenzi wa kwanza niliouona nikaomba kubeba maji. Mafundi walicheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza nyumbani wako wangapi, nikamwambia, akanipa ndoo. Baadaye aliniondoa kwenye maji akaniweka kwenye kuchanganya, akanifundisha kulishika zege kiganjani na kujua limezidi nini. Wenzake walipomuuliza kwa nini anampa mwanamke kazi ya kuchanganya, alisema mwanamke huyu hasinzii. Kwa mikono ile wadogo zangu walikula na walisoma. Aliyekuja na sanduku siku ile alikuwa mmoja wao.

Asubuhi hiyo mlinzi ndiye aliyempokea.

"Hako ndiko kamzigo?" alimwuliza. "Nyie Wanyamwezi mmekwisha kabisa. Babu zenu walipita barabara hii hii na pembe za ndovu mabegani mpaka kwetu Bagamoyo, wewe unakuja na kisanduku, tena kwa bajaji."

"Na babu zako walikuwa wamekaa ufukweni wanasubiri kuletewa," mdogo wangu alimjibu. "Hata leo, mtani, nimekukuta umekaa."

Mama mwenyekiti alicheka mpaka kiti kikalia. Fundi alitabasamu kidogo. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo kwa macho, na kila nilipofika ya saba nilikuwa naruka.

Kipimo chenyewe kilikuwa na vichwa viwili vidogo kama vifuniko vya chupa ya chai, vimeungwa kwa nyaya kwenye kompyuta. Kimoja kinapiga sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, kingine kinasikiliza. Sauti inaingia kwenye zege, ikikutana na uwazi inageuka na kurudi, na kompyuta inachora inachokisikia. Ila vichwa haviwezi kuwekwa hivi hivi kwenye zege kavu. Lazima katikati kuwe na kitu kizito cha kuteleza, la sivyo sauti inaishia hewani. Alikuwa na chupa ya jeli kwa kazi hiyo, lakini ilipasukia kwenye begi ndani ya treni, na aligundua walipofika Tura alipokuwa anatafuta mswaki.

"Dada, nyumbani kuna asali?" aliniuliza. "Kwenye vitabu vyetu asali inakubalika."

Ilikuwepo chupa moja ninayoiweka kwa ajili ya vifua vya watoto. Nikaileta. Tukapaka nguzo ya tatu, ya saba na ya tisa, mahali alipochora misalaba kwa chaki. Miti ilikuwa imechanua maua porini kote, na pale tulikuwa watu wanne tuliozaliwa Tabora, mkoa ambao mtoto anajua mzinga kabla hajajua shule. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria nyuki.

Alianza na nguzo ya tatu. Alimwomba fundi amwonyeshe nguzo anayoiamini kuliko zote, na fundi hakusita. Mdogo wangu alisema ni lazima kwanza kompyuta ijue nguzo nzima inasikikaje, ndipo iweze kuitambua yenye kasoro. Akavibana vichwa kwa kifaa cha chuma visitikisike, akabonyeza, tukasubiri.

"Bado?" fundi aliuliza.

"Inapiga mara mia mbili, mzee wangu. Mara moja haiaminiki. Kuna kelele ya mashine yenyewe, ya nyaya, ya umeme. Kelele leo inasema hivi, ukirudia inasema vile. Mwangwi wa kweli unasema jambo lile lile kila mara. Sasa ukijumlisha zote mia mbili na kugawanya, kelele zinauana zenyewe kwa zenyewe, mwangwi unabaki."

Fundi alilitafakari. "Ndivyo kadhi anavyotakiwa kufanya," alisema. "Lakini nguzo yangu utaichosha."

Nilisimama nyuma yao nimeshika chupa ya asali. Kila alichokisema mdogo wangu nilikielewa, na sikukipenda.

Akahamia ya saba. Mara mia mbili. Nilitazama kioo cha kompyuta nikiwa sijui natafuta nini, nikaona mstari umejaa meno kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikatazama uso wake. Alikuwa amekunja paji. Akarudisha picha ya nguzo ya tatu akaziweka pamoja. Zote mbili zilikuwa na meno, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema hii ni nzima na hii si nzima.

"Kelele ya mashine imeisha," alisema taratibu, "lakini hii nyingine haiishi. Hii itakuwa kokoto."

Kokoto zetu zinapondwa kwa nyundo na akina mama, kubwa kwa ndogo, hakuna mbili zinazofanana. Alisema kila moja inarudisha sauti kidogo, na zikiwa nyingi zinafanya zogo ambalo shimo linaweza kujificha ndani yake. Akaanza kupiga upya, mara mia mbili nyingine mahali pale pale. Meno yakabaki vile vile.

Ndipo mlinzi akasema, "Jamani, hawa nao wamealikwa?"

Walikuwa wachache mwanzoni, wanazunguka nguzo ya tisa. Baada ya muda mfupi msalaba wa chaki haukuonekana. Mdogo wangu alijaribu kuokoa vichwa vyake akachomwa mkononi na shingoni. Mama mwenyekiti aliondoka na kiti chake kichwani, mbio ambazo sikuwahi kuziona kwa mtu wa umri ule. Tulijazana kwenye kibanda cha mlinzi tukafunga mlango wa bati.

"Mimi mtu wa pwani," mlinzi alisema tulipokwisha kupumua. "Mimi ndiye nilitakiwa niwakumbushe Watabora kwamba nyuki wanapenda asali?"

Fundi alikuwa anamtoa mdogo wangu miiba kwa ukucha, taratibu, kama alivyokuwa akinitoa mimi vibanzi vya mbao zamani.

Tulikaa mle mpaka mchana ukageuka. Joto la bati, harufu ya mafuta ya taa. Mama mwenyekiti ndiye aliyeuliza kilichomleta.

"Mwanangu, nijengee juu yake au nisijengee?"

"Kwa hali ilivyo, mama, nitaandika kwamba hakuna kasoro iliyoonekana."

"Kutoonekana na kutokuwepo ni kitu kimoja?"

"Hapana, mama. Si kitu kimoja."

Nilihisi mabega yameshuka kama niliyetuliwa gunia. Ilikuwa imekwisha. Nguzo ingepita, ghorofa ingejengwa, na labda isingetokea kitu kamwe. Nguzo nyingine kumi na moja zilikuwa nzima, nilijiambia. Zitasaidiana.

Baadaye alitoka nje kidogo nikamfuata. Alikaa kwenye rundo la mchanga. Shingo imevimba.

"Dada, msimamizi wangu chuoni hawezi kupokea hii. Nimepima na sijui nilichokipima. Nitarudi mwakani nianze moja."

Hakulalamika. Alisema kwa sauti ile ile anayonipigia nayo simu akiwa hana nauli na hataki nijue. Alikuwa na mvi mbili juu ya sikio, katika umri wake ule. Nikawaza mwaka mwingine. Nikawaza ndoo. Nikawaza pia wanawake watakaolala chini ya nguzo ya saba, kwa mara ya kwanza nikawawaza wakiwa na sura, mmoja akiwa mdogo wetu wa mwisho, ambaye wakati ule alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Sijui ni lipi kati ya hayo lililonifungua mdomo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimechoka.

"Marehemu baba yetu alipokuwa akikagua mizinga, unakumbuka?"

"Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka moshi tu."

"Kabla hajawasha moshi alikuwa anaugonga mzinga kwa kifundo cha kidole, asikie kama umejaa. Hakuwa anagonga mahali pamoja. Anagonga, anasogea kidogo, anagonga tena, mpaka auzunguke wote. Nilimwuliza kwa nini. Akasema gogo lina vifundo vyake. Ukirudia mahali pamoja utakuwa unasikia kifundo kile kile kila mara, utadhani ni sega."

Alikuwa anachora kitu kwenye mchanga kwa kidole.

"Alikuwa anasogea kiasi gani?"

"Upana wa kidole. Viwili."

"Mimi nimevibana vichwa," alisema, kama anajisemesha. "Nilifundishwa visitikisike. Mashine inabadilisha kelele yake kila mara, lakini kokoto haibadilishi. Kokoto imekaa pale pale. Hata nipige mara elfu moja itanijibu vile vile, na mimi naichukulia kuwa kweli kwa sababu imerudia." Akainuka. "Nikisogeza, kokoto zinabadilika. Shimo kubwa halibadiliki. Dada, hili nimelisoma. Liliandikwa kwa ajili ya vyuma, nikalipita."

Akanishika mkono akacheka, na mimi nikacheka naye. Nilijua nimefanya nini.

Jioni nyuki walipopungua tulizimwagia nguzo maji mengi tukazisugua kwa gunia. Mlinzi alitoa kopo lake la mafuta ya mgando, la kupaka miguu, akasema lirudi na kitu ndani. Mdogo wangu akakitupa kile kibano. Alishika vichwa kwa mkono, mimi nikiwa nampimia kwa vidole viwili: hapa, hapa, sogea, hapa. Tulianza tena na nguzo ambazo fundi alizichagua, ya tatu, ya tisa na ya kumi na moja. Kila nguzo, mahali arobaini. Mistari ilipojumlishwa, meno yalilala. Hayakuisha, ila yalikuwa mafupi, kama majani yaliyofyekwa.

Kutokana na hizo tatu akachora mstari mwekundu kwenye kioo. Alituambia kinachozidi mstari ule atakiita kasoro. Mama mwenyekiti alitaka kujua kwa nini ameuweka pale na si juu zaidi.

"Nikiuweka chini sana, mama, kila kokoto itakuwa na kosa, na nitavunja nguzo nzima. Nikiuweka juu sana, mbovu itapita. Hakuna mahali ambapo sitakosea kabisa. Nachagua kosa lipi niliogope zaidi."

"Ogopa la kupita," alisema mama mwenyekiti.

Akaushusha kidogo.

Nguzo ya saba tuliianza jua likiwa limekaa juu ya miti. Nilimpimia vidole kama kwenye nyingine. Ningeweza kumdanganya, kumpitisha pembeni, na asingejua. Sikufanya hivyo, na silisemi ili nisifiwe. Mkono ulikuwa umeshazoea mwendo.

Jino moja lilisimama juu ya mstari mwekundu. Alisogea, likabaki. Alisogea tena, likabaki, kwa upana wa karai nzima, kwa kimo cha kifua cha mtu, ndani kabisa. Ukitazama nguzo kwa nje ilikuwa laini kama zingine. Fundi alikuja akaweka kiganja pale pale, akakaa nacho kwa muda.

Mama mwenyekiti alifunga daftari lake. "Nguzo hii ilijazwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua.

"Mimi," fundi alisema. "Siku ile nilichelewa msikitini. Zege lilishika, na halikushindiliwa vizuri. Kosa la fundi, mama."

Mdogo wangu alikuwa anaandika. Alisimama akisubiri, kalamu juu ya karatasi, kisha akaandika.

Nguzo nane zilizobaki alizipima siku zilizofuata, hakuna iliyovuka mstari, na kamati ikakutana wiki iliyofuata. Nguzo ya saba ivunjwe, ijengwe upya, na ghorofa isimamiwe na fundi mwingine kutoka mjini. Hakuna aliyemtukana mzee. Walimshukuru kwa miaka yake na kwa kusema ukweli. Lile lingekuwa jengo lake la kwanza la ghorofa na la mwisho, na alikuwa ameshaniambia atakapolimaliza ataniachia mimi chepe na kamba ya kupimia.

Nilikwenda kwake Isevya jioni moja. Nilimkuta barazani anakarabati kiti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikakaa chini.

"Baba, maji niliongeza mimi."

"Najua. Zege lilikuwa linang'aa."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilikuuliza."

"Nikakwambia hapana."

"Ukaniambia hapana." Aligonga msumari mmoja. "Nikasema huyu hajawahi kunidanganya, labda macho yangu. Sikukuuliza mara ya pili. Huyo mdogo wako anauliza mara mia mbili. Mimi niliuliza mara moja, basi kosa ni langu pia."

"Kwa nini uliwaambia ni wewe?"

"Ningesema nini mbele ya yule kijana? Amemaliza kazi yake anafurahi, nimwambie aandike jina la dada yake?" Akakijaribu kiti kwa mkono. Kilikuwa kinayumba bado. "Ila usinilipe mimi, mwanangu. Mimi nimeshakusikia. Niliyemwambia uongo ni mama mwenyekiti, na uongo wenyewe ni wako. Kauchukue."

Nikamwambia nitakwenda.

Nguzo ya saba tuliivunja kwa nyundo kubwa kwa siku tatu. Ndani, kwa kimo cha kifua, kulikuwa na uwazi unaoingia kichwa cha mtoto, na kuuzunguka kokoto zimeshikana bila saruji kati yake, kama sega kavu. Nilikibeba kifusi chote peke yangu, sikutaka msaada. Tulipoijaza upya nilikaa pale mpaka boksi likafungwa, na nilipoulizwa na fundi mpya kama tuongeze maji kidogo lishuke vizuri nilimjibu vibaya, ikabidi nimwombe radhi.

Mdogo wangu alimaliza. Alinitumia picha ya ukurasa ambapo ameandika kwamba wazo la kusogeza kipimo amelipata kwa dada yake na kwa marehemu baba yake mrina asali. Katika ukurasa huo huo ameandika kwamba kasoro ya nguzo ya saba ilitokana na kuchelewa kwa fundi. Nimeusoma mara nyingi.

Mdogo wetu wa mwisho alijifungua salama, ila si kwenye wodi ile. Ghorofa ilikuwa bado haijapauliwa.

Kwa mama mwenyekiti nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alikuwa peke yake uani, anachambua choroko, akanisogezea kigoda.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kinyamwezi chetu, nami nikaitikia hivyo hivyo. Akasubiri. "Haya, mwanangu. Una neno?"

Nilimwambia nimekuja kuuliza kama mchanga wa lipu umefika.

Akasema utafika Jumatatu. Nikamsaidia kuchambua choroko mpaka sinia likaisha, nikaaga, nikarudi nyumbani kwa njia ya Isevya. Mzee alikuwa barazani, amekalia kile kiti. Aliniona, akainua mkono, hakuniuliza kitu.